Tao la Kigothi na Kalibu Yangu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya misheni pale Singida Mjini, Bruda Msimamizi wa Majengo hakunipa msumeno wala randa. Alinipa misumari miwili na kamba. "Nichoree dirisha la Kigothi," akasema. Nikamwambia sijawahi kuliona. Akapiga magoti vumbini, akachora mwenyewe. Misumari inapigiliwa kwenye ubao mpana, mmoja kila upande wa dirisha. Unafunga kamba kwenye wa kushoto na kuizungusha kuanzia wa kulia kwenda juu, kisha unafanya vilevile upande wa pili. Mistari miwili inapokutana ndipo ncha ilipo, na hilo ndilo tao la Kigothi.

Bruda alitueleza kwamba Wagothi walikuwa watu wa kale wa Ulaya, nao hawakujenga hata kanisa moja la namna ile. Waliokuja baadaye ndio waliochukia majengo yenye ncha wakayaita ya Kigothi, yaani ya kishenzi. Baadaye sana tusi likageuka sifa. Nililipenda neno hilo siku ileile. Mimi mtoto wa wafugaji wa Ikungi nilidhani nami nitapanda hadhi hivyohivyo.

Ninyi vijana mmezoea zege, kwa hiyo niwaeleze kalibu. Jiwe halikai hewani. Seremala hutengeneza umbo la mbao lenye sura ya tao, akalisimamisha juu ya miti na kulikaza kwa kabari. Mwashi hupanga mawe juu yake kutoka pande zote mbili, mpaka jiwe la kilele linapoyafunga. Udongo ukishakauka, seremala anagonga kabari zinatoka, kalibu inashuka, na tao linajishikilia lenyewe.

Mwashi wetu alikuwa Mkumbo, rika langu, Mnyaturu mwenzangu, mtu wa maneno machache. Alichonga jiwe la kwetu, lile gumu linalovunja patasi za watu, likamtii. Hilo sikulikana hata siku moja, na ndilo lililonichoma.

Kwa desturi ya kazi yetu, siku ya kutoa kalibu mwashi husimama chini ya tao lake, watu wote wakitazama. Kanisa la Mungaa lilipofika hatua hiyo, kijiji kizima kilikuja. Mkumbo akasimama, mikono nyuma. Mimi nilikuwa nimechuchumaa miguuni pake nikigonga kabari. Kalibu ikashuka, tao likabaki, vigelegele vikapigwa. Akina mama wakampa Mkumbo jogoo. Kalibu yangu ikaenda jikoni kuwa kuni, na maharage ya sherehe yakaivishwa kwayo. Niliyala. Yalikuwa matamu, na utamu wake ulinikera.

Nikamwendea Bruda. "Safari ijayo nisimame mimi."

"Na kabari atatoa nani?"

"Mkumbo."

Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Chini ya tao husimama mtu ambaye kazi yake inabaki. Yako haibaki. Ndivyo Mungu alivyoipanga kazi yako."

Sikuamini kama Mungu alipanga hivyo. Tulijenga makanisa mengine hadi Iramba, na kila mara nilichuchumaa. Nikaapa kwamba kabla sijaacha kazi, kitu changu kimoja kitabaki ukutani na watu watakiona.

Enzi za ruksa zikaja, biashara ikaachiwa huru. Saruji na misumari, tuliyokuwa tukiitafuta kwa tochi, ikajaa madukani. Karakana ya misheni ikafungwa, mimi na Mkumbo tukaajiriwa na Mkandarasi mmoja wa mjini. Mfanyabiashara fulani alikuwa anajenga baa na gesti karibu na stendi ya mabasi, naye akataka madirisha yenye ncha. Hakuyaona kanisani. Aliyaona kwenye banda la video, katika sinema za kutisha zenye majumba ya popo, ambazo vijana walizijua kwa jina hilohilo la Gothiki. Neno lililokuwa tusi, kisha sala, sasa likaenda kuuza bia.

Nikaona nafasi yangu. Nikamwambia Mkandarasi kwamba safari hii kalibu ibaki ndani ya tao, iwe pambo. Akakubali. Mninga, ule mti mgumu, ulikuwa haujapatikana, na wivu hauna subira ya kungoja mninga. Nikachukua mbao laini, nikazichonga maua ya alizeti, nikazipaka rangi. Mkumbo alipofika na mwiko wake aliinama akachungulia chini.

"Fundi, kabari ziko wapi?"

"Hakuna. Hii haitoki."

"Haya," akasema, akaanza kupanga tofali.

Baa ilipofunguliwa, wateja waliuliza nani aliyechonga yale maua. Nikasema mimi, tena kwa sauti. Kwa mara ya kwanza Mkumbo alikaa karibu nami na hakuna aliyemwuliza kitu. Nilikunywa bia ile kwa raha ambayo siwezi kuisimulia.

Mchwa hawakuchukua muda. Walikula kutoka ndani wakaacha ganda la rangi, mpaka mhudumu alipopiga fagio kutoa utando wa buibui, na kazi yangu yote ikamwagika kama unga. Wateja wakakimbia nje wakidhani ukuta unakuja. Ukuta haukuja. Tao la Mkumbo lilibaki pale juu, safi, halina habari. Mkumbo akaitwa atazame kama kuna hatari. Akatazama, akaniambia polepole, "Ungeweka dawa, fundi. Maua yalikuwa mazuri." Laiti angenicheka, ningepata sababu ya kumchukia.

Sasa nimestaafu. Mjukuu wangu wa chuo ananiambia Gothiki siku hizi ni watu wanaovaa nguo nyeusi na kupenda huzuni. Neno linazidi kuhama. Wivu wangu haujahama. Uko palepale Mungaa, ambako sote wawili tulirudi kuzeekea.

Mkumbo haoni tena. Kila Jumapili tunakaa benchi moja katika kanisa lilelile, na kabla ya ibada ananigusa goti. "Fundi, yale madirisha bado yako wima?" Katika kanisa zima huniuliza mimi tu, kwa sababu anasema wengine hawajui kutazama. Jumapili iliyopita niliyatazama, nayo yalikuwa wima kama siku ile nilipotoa kalibu. Hata hivyo neno "yameinama" lilikuwa limeshafika kinywani, na hakuna mwingine ambaye angemwuliza. Akainamisha kichwa kwangu, akatega sikio.

"Yako wima," nikamwambia. "Yako wima, yote."