Nesi Mwanahija na Kliniki ya Bonde la Lukwale

Kila asubuhi, kabla hata ya kufagia baraza, Nesi Mwanahija Likwata huinama mbele ya jokofu la chanjo, husoma kipimajoto kilichomo ndani na kuandika nyuzi alizoziona kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Jokofu hilo hutumia umeme wa jua. Paneli yake iko juu ya paa, na majani makavu ya mkorosho yakiifunika, nesi huegemeza ngazi akapanda mwenyewe, ingawa ana miaka hamsini na minane na goti lake la kushoto halipendi ngazi.

"Teremka, Bi Mwanahija, utaanguka!" humwambia wapita njia.

"Nikianguka mimi mtanichua. Chanjo ikiharibika mtaichua?"

Zahanati yake iko vilimani, mbele ya Kipatimu, mahali ambapo gari hufika kiangazi tu. Alizaliwa Tingi, akasomea uuguzi Lindi huku akikaa kwa shangazi yake Rasbura, na alipopangiwa kazi huku Umatumbini alidhani angekaa miaka miwili. Huu ni wa ishirini na tisa. Wasichana aliowapokea wakizaliwa, sasa anawazalisha.

Serikali huleta inachoweza, na inachoweza mara nyingi hakitoshi. Nesi Mwanahija amejifunza kuishi na hilo bila kununa. Maboksi ya dawa yaliyokwisha huyakata na kuyafanya visanduku vya kadi za kliniki. Mpira wa baiskeli uliotoboka ndio anaofungia kibebeo cha chanjo asije akakidondosha njiani. Hupenda kugomba, ni kweli, na akikukuta unamwaga maji ya kunawa bila sababu utayasikia mengi. Lakini hakuna mgonjwa aliyewahi kugombezwa kwa kuchelewa.

Kitu anachokithamini kuliko vyote ni daftari la shule lenye jalada la buluu. Humo amechora bonde la Lukwale: mto, mashamba ya mpunga, na kila dungu alilolijua. Dungu ni kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Mpunga ukianza kuchanua, familia nzima huhamia huko kulinda mazao dhidi ya nguruwe, nyani na ndege, na kijijini hubaki wazee na mbuzi. Kando ya kila dungu nesi ameandika majina ya watoto waliomo, na chanjo ambazo kila mmoja bado anadaiwa.

Wilayani hawakuwa na daftari hilo. Wao walikuwa na karatasi za hesabu, na mwezi wa nne mwaka huu karatasi zilimleta kwenye simu Benedikto, mratibu wa chanjo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sauti yako leo imejaa habari mbaya."

Benedikto alicheka kwa aibu. Alikuwa kijana mstaarabu, na alisema moja kwa moja. Mafuta ya pikipiki ya nusu mwaka yangetosha vituo sita tu vya mkoba, yaani zile sehemu za mbali ambako muuguzi huwapelekea watu kliniki badala ya kuwasubiri. Vilikuwepo tisa. Vitatu vyenye watoto wachache vingeondolewa.

"Na Lukwale?"

"Lukwale ina watoto saba, mama."

"Lukwale ina watoto hamsini na wawili. Saba ni waliokuja."

"Mimi naona karatasi."

"Basi njoo uone bonde. Ukishaliona, futa."

Hakuwa akitetea namba. Miaka kumi na minne iliyopita, kabla ya kituo hicho kuanzishwa, surua iliingia Lukwale katikati ya msimu wa kulinda. Kutoka bondeni hadi zahanati ni mwendo wa saa tatu, na akina mama walikawia, kila mmoja akingoja wa kumwachia shamba. Walizikwa watoto wanne. Nesi Mwanahija alishiriki kuwaosha wawili. Tangu hapo hajakosa kwenda bondeni hata mwezi mmoja, mvua inyeshe isinyeshe.

Benedikto alikuja Alhamisi. Pikipiki iliwafikisha mtoni, ikaishia hapo, maana daraja la magogo lilikuwa limechukuliwa na maji. Nesi akajifunga kibebeo mgongoni, akakunja gauni, akaingia mtoni.

"Hivyo viatu ni vya harusi?" alimuuliza mgeni wake.

"Vya kazi, mama."

"Kazi ya kukalia kiti. Vivue."

Walitembea saa nzima na zaidi kwenye tope. Mara mbili Benedikto aliomba ampokee kibebeo, na mara mbili alinyimwa. Walipofika kwenye banda la kupuria mpunga, ambapo kliniki hufanyika, waliwakuta akina mama wanne na Mwanaima, mhudumu wa afya wa jamii, ambaye uso wake ulikuwa umesinyaa.

"Nimepita dungu kwa dungu, juzi na jana," alisema Mwanaima. "Wote waliniambia watakuja. Lakini alfajiri ya leo nyani wameingia shambani kwa Hussen, wamevuna kuliko mwenyewe. Sasa hakuna anayethubutu kushuka."

Nesi alitazama madungu yaliyotapakaa bondeni. Juu ya kila moja aliona kanga, kitambaa cha kichwa, mkono ukitupa jiwe kwa teo. Watoto walikuwa huko juu, wanaonekana kwa macho, na hawafikiki. Simu hazikushika mtandao.

Chupa moja ya chanjo ya surua huchanja watoto kumi. Ikishachanganywa na maji yake haikai zaidi ya saa sita; inayobaki humwagwa. Kati ya watoto wanne waliokuwepo, wawili tu walihitaji surua. Benedikto aliitazama chupa, kisha akaitazama saa.

"Sema," nesi alimwambia.

"Tukiifungua, tunamwaga nane. Na nikirudi nitaandika wanne."

Walingoja. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Mama mmoja alianza kufunga mzigo wake aondoke. Hapo Nesi Mwanahija akaliona bati, ambalo mwezi uliopita halikuwepo, likining'inia kwenye nguzo ya banda, na chuma chake kando. Utotoni, Tingi, bati la namna hiyo ndilo lililowaita shuleni, na watoto wote walikuja mbio. Akakishika kile chuma.

"Nesi, hilo usi—" alianza Mwanaima.

Alikuwa amekwisha kuligonga, tena kwa nguvu zote za hasira yake. Ngwa! Ngwa! Ngwa! Mlio ukaenda hadi vilimani ukarudi.

Watu walikuja. Walikuja wakikimbia kutoka pande zote za bonde, na hakuna aliyekuwa na mtoto. Walikuwa wanaume kumi na mmoja wenye mikuki na mapanga, na mbwa mbele yao. Amiri, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamsha kijiji kizima, ndiye aliyetangulia kufika.

"Wako wapi? Wameingilia upande gani?"

"Nani?" aliuliza nesi.

"Nguruwe!"

Mwanaima alifunika mdomo kwa kanga, mabega yakimtetemeka. Kumbe Lukwale bati haliiti mkutano wala kliniki. Bati ni nguruwe, na wanaume wakilisikia huacha kila kitu.

"Nguruwe hakuna," alisema nesi. "Yupo huyu bwana wa wilayani tu."

Amiri alimkagua Benedikto, peku, tope hadi magotini. "Huyu? Mbona hata mpunga hajagusa?"

Kicheko kililipuka. Mmoja tu hakucheka, Damiani, aliyekuwa akihema. "Nesi, tumekuheshimu miaka yote. Leo unatukimbiza bure, mashamba yako wazi?"

"Nisameheni," alisema Nesi Mwanahija. "Nimekosea." Ni neno ambalo Mwanaima hakuwa amelisikia kinywani mwake hata mara moja. Kisha nesi akamgeukia tena, kama mtu aliyesikia alichoulizwa baada ya kukijibu. "Damiani, mashamba yako wazi kweli? Dunguni amebaki nani?"

"Mke wangu."

"Teo anaweza?"

"Ananishinda mimi."

"Na mtoto?"

"Yuko naye."

"Basi kanileteeni watoto. Mama alinde, baba alete. Na kadi msisahau."

Wanaume walitazamana. "Mimi nibebe mtoto kliniki?" aliuliza Amiri.

"Kwani ni wa nani?"

"Ni wangu, lakini…"

"Mkuki unaumudu. Mtoto wa kilo saba atakushinda?"

Damiani ndiye aliyeondoka kwanza, tena akikimbia. Nusu saa baadaye baba wa kwanza alitokea akiwa amemfunga mtoto kifuani kwa kanga iliyopinda, mkuki kwapani, kadi ndani ya chupa ya plastiki iliyozibwa panya wasiitafune. Akaja wa pili, wa tatu, akaja mwingine na watatu kwa mpigo. Walipofika madunguni waliwaambia na majirani, ng'ambo hii hadi ile, na banda likajaa akina baba wasiojua kumshika mtoto anayelia.

"Amezaliwa lini?" Benedikto alimuuliza mmoja, kalamu mkononi.

"Kipindi cha korosho."

"Tarehe?"

"Hiyo anaijua mama yake."

Nesi hakuinua kichwa. "Tarehe tisa mwezi wa kumi na moja, usiku ule wa mvua kubwa. Angalia daftari la buluu, dungu la tatu kutoka mtoni."

Benedikto alilifungua. Alipindua kurasa moja baada ya nyingine, kisha akalikodolea macho bonde, dungu kwa dungu, kama anayelinganisha. Hakuzitaja tena karatasi zake. Chupa ya surua ilifunguliwa saa sita mchana, ikafuatiwa na ya pili, na katika hiyo ya pili zilimwagwa dozi tatu tu. Hadi alasiri walikuwa wamehudumia watoto arobaini na watatu. Amiri alikuja na pacha, mmoja kila mkono. Sindano ilipochomwa aligeuza uso, na wenzake wakamtania.

"Shujaa wa nguruwe!"

"Nyamazeni, nimeingiwa na vumbi."

Wakiwa njiani kurudi, Benedikto alisema mwenyewe: Lukwale haitafutwa.

Nesi alimgeukia. "Mafuta yameongezeka?"

"Hapana."

"Kikibaki kituo chetu, kinatoka kipi?"

Benedikto alikitaja. Kilikuwa kitongoji kingine cha vilimani, nacho kina watoto wake, na muuguzi wake nesi alimfahamu. Walifika mtoni. Hapo nesi alisimama akaitazama pikipiki iliyokuwa ikiwasubiri ng'ambo.

"Pikipiki yenyewe inaishia hapa," alisema. "Niandikie chanjo na barafu. Mafuta wape hao. Sisi tutakwenda kwa miguu."

"Mama, kutoka zahanati ni saa tatu. Na hilo goti?"

"Goti ni langu. Wewe andika Lukwale."

Aliandika, juu ya jiwe la mtoni, na kwenye safu ya mafuta akapiga mstari. Hakufurahi kuupiga. Alijua kwamba huduma inayotegemea goti la mtu mmoja ina mwisho, na kwamba nesi huyo amebakiza miaka miwili astaafu. Alimwambia hivyo.

"Kwa hiyo una miaka miwili ya kutafuta mafuta," alijibiwa.

Mwezi uliofuata, Nesi Mwanahija alitoka zahanati alfajiri, kibebeo mgongoni. Hakufika mbali. Kwenye kona ya kwanza, mwendo wa dakika kumi tu, alimkuta Amiri amekaa juu ya gogo, mkuki kando.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Umelala hapa? Nani analinda shamba?"

"Teo analo mke wangu. Tumepanga zamu, sisi kumi na mmoja. Leo ni yangu." Akanyoosha mkono. "Lete hilo boksi."

Nesi alilishikilia kidogo, kwa mazoea. Kisha akafungua ule mpira wa baiskeli, akamkabidhi.

"Usilitikise. Na tukifika bati nitaligonga mimi."

"Taratibu, basi, mara tatu tu, kama tulivyokubaliana siku ile, watu wajue ni kliniki. Ukiligonga kwa kasi tena kama la nguruwe, safari hii tunakuja na mbwa wa kijiji cha pili."