Kibuyu cha Siku za Stela

Mimi Magreth si mtu wa kushangaa ovyo, lakini Bibi Inamahoro, jirani yangu hapa Ulyankulu, amenishinda.

Binti yake Stela ana ukaazi wa kudumu Kanada. Sharti ni kwamba katika miaka mitano akae kule siku mia saba thelathini, la sivyo anaupoteza, na mwanawe Recheli anasoma huko peke yake. Bibi hajui kusoma. Siku Stela alipoupata, aliuliza swali moja tu: nje anaruhusiwa siku ngapi? Elfu moja tisini na sita. Akahesabu maharage idadi hiyo hiyo, akayatia kwenye kibuyu. Kila siku Stela akiwa nje ya Kanada, bibi anatoa harage moja, analitupa chunguni.

Nilimcheka, jamani! "Bibi, siku hizi simu zinahesabu zenyewe."

"Haya, wewe cheka."

Ni karibu miaka mitatu sasa tangu bibi avunjike nyonga, Stela akaja kumuuguza. Akakaa, akakaa. Juzi juzi akatuambia simu yake inaonyesha bado siku hamsini na tano, ataondoka tukishavuna karanga. Nikapiga vigelegele.

Kesho yake asubuhi bibi akamwaga kibuyu kwenye ungo mbele yetu. Maharage kumi na manne.

"Mama, umekosea," Stela akasema.

"Msiba wa baba yako umeuhesabu?"

Stela akajishika kichwa. Siku arobaini na moja alizokuja kumzika baba yake, mwaka ule wa kwanza, hakuziingiza kwenye simu. Mama wa watu, kalamu hajawahi kuishika!

Siku ya nne Stela akapanda basi la Tabora kuwahi treni. Akienda ndiyo hivyo, hatoki tena Kanada mwaka mzima na zaidi, mpaka ile miaka mitano itimie, na bibi ana miaka themanini na mitatu.

Alipopiga simu kwamba ametua, kibuyuni yalibaki maharage saba. Nikashindwa kujizuia.

"Bibi, si ungenyamaza tu? Ungekuwa naye mpaka karanga."

"Na Recheli je?"

Akayafunga yale saba kwenye pindo la kanga.

"Hayo ya nini tena?"

"Ya kuja kunizika," akasema. "Mwambieni safari hii asikae arobaini na moja."