Kanga Walioamka Ukweni

Wajukuu zangu wanabishana kama radi inaweza kumpiga ndege, nami hunyamaza, maana jibu ninalo na lilinivua nguo mbele ya wakwe. Leo nalisema, ila msicheke kabla sijamaliza.

Ilikuwa ile miaka Wazungu wanafyeka pori la Nachingwea walime karanga. Mume wangu alikwenda huko kung'oa visiki, mimi binti wa kutoka Mandawa nikaachwa ukweni Nandagala, hata kuku wa pale hawajanizoea. Siku hiyo wazee wa ukoo walitoka Ruponda kuja kumwona mke wa kijana wao, na kitoweo kilikuwa kisamvu kitupu. Mama mkwe alinitazama tu (na yule mama akikutazama unajua umepimwa).

Nikatoka kutafuta uyoga wa kuongezea, mvua ikanikuta, radi ikapiga mti mbele yangu nikakaa chini bila kupenda, na nilipoinuka nikaona kanga, wale ndege wa porini, wamelala chini ya mti wamelegea, lakini mioyo inadunda. Nikasema Mungu kaniletea nyama, niwawahishe wachinjwe kabla hawajawa mizoga. Kwa haraka hiyo sikuwafunga miguu. Nikavua kaniki ya juu, nikawafungia humo, fundo moja, kichwani, mbio, nimebaki na kile kitambaa cha ndani, nikijua nitapitia nyuma jikoni. Furaha ikanipitisha mbele.

Wazee wote kwenye mkeka. Baba mkwe akauliza nimewatoa kwenye mtego wa nani. Nikamwambia wamepigwa na radi, nikaonyesha upande ulipo mti.

"Ndege apigwe na radi, naye ana mabawa ya kukimbilia? Mwanangu, ukweni hatuanzi na uongo."

Kuitwa mwongo mbele ya ukoo mzima! Nikafungua fundo aone mwenyewe, na kanga wakaamka kwa pamoja kama waliosikia wanasemwa, wakapita juu ya ugali wa mtama, kofia ya mzee mmoja ikaingia kwenye kisamvu, na wa mwisho akatokomea porini na kaniki yangu mguuni. Mimi nimesimama hivyo hivyo.

Mama mkwe aliinuka, akavua kaniki yake ya juu, akanifunga nayo kama anamfunga mtoto, kisha akawageukia.

"Huyu kalowa kwa ajili ya matumbo yenu. Nendeni kwenye mti mkatazame, ndipo mrudi mseme ni uongo."

Baba mkwe alikwenda mwenyewe. Alikuta mti umepasuka toka juu mpaka chini, na kanga mmoja niliyemwacha maana alishakufa, manyoya yameungua. Akarudi, akaomba maji ya kunawa, akala.

"Kisamvu cha mke wetu kizuri," akasema. Basi.

Kwa hiyo ndiyo, radi humpiga ndege, na tangu hapo sibebi kiumbe chochote kilicholala bila kamba. Kaniki yangu ilibaki porini. Ya mama mkwe ninayo sandukuni. Hakuidai mpaka tunamzika, nami sijawahi kuifua bila kumwombea.