Siku Nilipomruka Furaha

Utotoni mwangu, pale mtaani Keshero, hapa Goma, hakukuwa na msichana mwenye miguu mirefu kama yangu, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo. Nilikuwa na miaka kumi. Tulikuwa wasichana saba tukijifunza kucheza kwa ajili ya sikukuu ya parokia, na mazoezi tuliyafanyia nyuma ya nyumba yetu ya mbao, kwenye kipande cha ardhi ambacho Papa, baba yetu, alikisafisha kwa kuvunja mawe ya volkano kwa nyundo. Kilitosha kutandika mikeka minne, basi. Upande mmoja kulikuwa na ukuta wa mawe meusi yenye makali, upande wa pili mabidoni ya maji ya Mama. Ukikosea hatua, unaondoka na goti linalovuja damu.

Mwalimu wetu alikuwa Mama Esperance, jirani yetu. Alikuwa mnene, lakini akianza kucheza ungesema mwili ameuvua akauacha kwenye kiti. Siku ya kwanza tulimlalamikia kwamba tunagongana.

"Munaona pako padogo?" akatuuliza. "Mimi naona pakubwa! Chini iko nafasi, katikati iko nafasi, juu iko nafasi. Sasa munabanana pa katikati sababu ya nini?"

Jamani, tulishangaa! Sikuwahi kufikiri kwamba hewa iliyo juu ya kichwa changu nayo ni uwanja wangu. Tuliinua mikono ikawa pembe za ng'ombe, kama wanavyocheza wakubwa wetu waliotoka milima ya Masisi, kisha tukashuka hadi vidole vikagusa vumbi, tukapanda tena. Kipande kile cha ardhi kikawa kikubwa mbele ya macho yangu, nami nikalala usiku nikiwa bado nacheza.

Pale katikati Mama Esperance alimweka Furaha. Huyu alikuwa rafiki yangu wa nyumba ya pili, umri wetu mmoja, mdogo wa mwili kuliko sisi wote. Alijikunja chini kama ndama aliyelala, na sisi tukamzunguka na pembe zetu. Nafasi ile ya katikati niliitaka mimi. Niseme ukweli, nilimwonea wivu.

Mimi niliambiwa nitoke nyuma, nimzunguke Furaha, nikutane na wenzangu mbele. Lakini nimzungukie wapi? Huku mawe, kule mabidoni. Nilikwama mara tatu. Mara ya nne Mama Esperance alikuwa akipiga bidoni tupu kwa kasi, damu ikanichemka, nikakimbia na kuruka juu kabisa, nikampita Furaha kwa juu, nikatua mbele kwa miguu yote miwili.

"Hiyo! Hiyo ndiyo!" Mama Esperance akapiga kelele. "Solange, umeiona nafasi!"

Wenzangu walipiga makofi. Sijapata furaha nyingine kama ile, hata siku ya harusi yangu, na mume wangu anisamehe.

Nyogokuru, ndivyo tulivyomwita bibi yetu, alikuwa mlangoni pa jikoni akichambua maharage. Aliuweka ungo chini, akasimama.

"Rudi!" akaniambia. "Rudi pale umetokea, umuruke tena! Ao huyu mutoto hatakomea. Atabakia vile vile, mufupi."

Sote tuliijua imani hiyo. Mtu aliyelala harukwi, na akirukwa, kukua kwake kunakatika palepale, mpaka aliyemruka arudi kwa njia ileile. Hata kwenye michezo yetu ya kawaida tulirudi bila kuambiwa.

"Nyogokuru, hii ni muchezo tu," Mama Esperance akasema kwa upole.

Furaha alikuwa hajainuka. Alinitazama kutoka pale chini.

"Rudilia tu, Solange. Mara moja."

Ingekuwa kazi ndogo sana. Lakini nilikuwa bado nasikia makofi, na niliona kwamba nikirudi, nitakuwa nimeufuta mruko wangu. Na ule wivu ulikuwapo.

"Sirudi," nikasema. "Hayo ni mambo ya zamani."

Furaha alisimama, akajikung'uta vumbi, akajikunja tena pale katikati. Hakulia. Siku ya sikukuu nilimruka mbele ya parokia nzima, na vigelegele vilivyopigwa nadhani vilisikika hadi ziwani.

Halafu miaka ikaanza kupita, na Furaha hakukua. Kila mwanzo wa mwaka wa shule Mama alinung'unika kwamba sketi yangu imeshapanda magotini. Furaha alikuja na ya mwaka uliopita, akazunguka mbele yangu akicheka: "Ona, inanitosha!" Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na hapa Goma hilo si jambo la kutamani ovyo. Leo najua kwamba babake Furaha alikuwa akipanda juu ya jiwe ili alifikie dirisha lake mwenyewe. Lakini mtoto hafanyi hesabu hiyo. Mimi nilijua aliyemfupisha ni nani, na nikawa nakwepa kusimama karibu naye.

Furaha hakuacha kucheza. Mama Esperance alipozeeka, yeye ndiye aliyewachukua wasichana wa parokia, na ndiye anayetunga michezo yao. Anaona pengo pale ambapo sisi warefu tunaona watu tu. Mwaka huu aliniita nimsaidie. Jumamosi moja mchana, ukumbini, akitaka kuwaonyesha wasichana jinsi ya kutumia nafasi ya chini na ya juu, alijikunja katikati ya sakafu.

"Solange, pita juu."

Nina watoto wawili sasa na wepesi wangu umepungua, lakini niliruka. Wasichana wakashangilia! Furaha hakuinuka. Alinitazama kutoka pale chini, kwa macho yaleyale.

"Sasa rudi."

Niligeuka, nikakimbia, nikaruka, nikatua pale nilipoanzia huku nikilia na kucheka pamoja. Furaha aliinuka polepole, akaja kusimama ubavuni mwangu mbele ya wasichana, akaweka kiganja juu ya kichwa chake na kukisogeza hadi kwangu. Kikagusa kwapa.

"Bado kidogo," akasema. Wasichana wakaangua kicheko, naye akanishika mkono na hakuuachia haraka.

Sijui kama imani ya Nyogokuru ni ya kweli. Ila siku ile nyuma ya nyumba yetu, Furaha hakuniomba urefu. Aliniomba nirudi. Jumamosi ile nilizihesabu hatua kutoka nilipotua hadi alipolala, na zilikuwa nne tu.