Nusu Saa Bila Muwa

Mvua ya saa tisa ilinikimbiza hadi ndani ya duka la dawa hapa Kakamega, nikasimama karibu na kaunta nikisinzia kwa mlio wa mabati. Mbele yangu mzee mmoja, mkata miwa wa huko Mumias, aliinua chupa ya dawa ya kusukutua, akaielekeza kwenye mwanga.

"Daktari, mimi napiganga mswaki kila siku. Hii itaniongezea nini?"

"Kama dawa yako ya meno ina floraidi, itaongeza kidogo tu," muuzaji akamjibu. "Na ukishasukutua, usile wala usinywe kitu kwa nusu saa."

Mkono wa mzee ulishuka polepole mfukoni, ukagusa kipande cha muwa. "Nusu saa! Mimi natafunanga muwa mmoja nikikata mwingine."

Akairudisha chupa taratibu kwenye kaunta. "Hiyo nusu saa, siwezi kuichukua peke yake?"

"Hiyo ni bure, mzee."

Akaondoka na nusu saa yake. Chupa niliinunua mimi, na msinicheke. Iko dirishani mpaka leo, haijafunguliwa, na jua likipita ndani yake ukuta wangu wote unakuwa wa buluu. Nusu saa ndiyo niliyoisahau dukani.