Koni Nzima za Safu ya Saba

Kazini mama mdogo wangu wanamwita Kisu. Wanasema ni kwa sababu ya kile kisu anachopasulia koni za misonobari, yale matunda magumu yenye mbegu, lakini tusidanganyane, ni kwa sababu ya mdomo. Miaka kumi na tisa yumo kwenye chumba cha nyuma cha shamba la mbegu, meza moja, beseni moja, uso ameukunja. Anachukua koni kumi kila safu, anazikagua nje, anazipasua, kisha anaeleza kama wadudu wameingia ili dawa ipulizwe mapema.

Msimamizi wa dawa ni baba yangu, yaani shemeji yake. Walikuwa hawasemeshani tangu baba alipogawa nguo za marehemu mama bila kumngoja yeye mdogo mtu. Miaka sita! Waliandikiana kwenye daftari, na aliyelibeba ni mimi, karani wao. Fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi, na nyasi zenyewe ni mimi.

Safu ya saba mama aliipanda kwa mikono yake, akiwa na mimba yangu. Mwaka wa sita wa ugomvi wao likaja agizo kutoka juu: safu isiyotoa mbegu msimu huu, inakatwa. Baba akaandika kwenye daftari: "Koni za safu ya saba zikoje?"

Kisu alikuwa ameshazipasua, niliona kwa macho yangu. Kuna mdudu mmoja ana mdomo kama sindano. Haachi tundu la kuonekana. Anafyonza mbegu akiwa nje, koni inabaki nzuri vilevile. Mbegu nyingi zilikuwa bado nyeupe, chache tu zimeanza kunywea. Dawa ingewahi kabisa. Kisu akachukua kalamu, akaandika neno moja: "Nzima."

"Mama mdogo, nzima vipi na mbegu zinafyonzwa?"

"Kauliza koni, hakuuliza mbegu. Koni ina tundu? Haina. Basi ni nzima. Akitaka habari za mbegu aje aniulize hapa. Miguu anayo, ulimi anao."

"Na asipokuja?"

"Atakuja. Hii ni miti ya dada yangu. Hata yeye hawezi kuridhika na neno moja."

Daftari nikalipeleka. Ningeweza kusema, ningeshindwa nini? Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mdomo wao, nikajiambia leo watajijua wenyewe. Baba akasoma, akashusha pumzi. "Afadhali," akasema, na dawa ikaenda safu ya kumi na mbili.

Koni zilipoiva zilikuwa za kupigwa picha. Tukazianika, tukazipukuta, Kisu akamwaga mbegu kwenye beseni la maji. Mbegu njema huzama. Hizi zilielea, beseni zima.

Baba alikuja mwenyewe, daftari mkononi. "Uliandika nzima!"

"Kwani uongo? Nioneshe tundu!"

"Una roho mbaya wewe mwanamke!"

"Na wewe je? Miguu ya kupelekea watu nguo za marehemu unayo, ya kuja kuniuliza huna!" Kisha akaonesha mlango kwa kidole. "Wiki tatu nilikungoja, shemeji. Wiki tatu sijafunga huu mlango."

Safu ya saba ilikatwa kwa siku mbili. Walisimama kutazama, mmoja mwanzo wa safu, mwingine mwisho, na mimi katikati nimeshika daftari nikiwachukia wote wawili.

Siku hizi wanaongea, tena wanaongea sana. Kila siku wanabishana ni nani aliyeimaliza miti ya mama. Mimi hakuna anayeniuliza nilijua nini siku ile. Asubuhi baba akipita mezani kwangu hunisalimu, "Mzima wewe?"

"Mzima," namjibu.

Naye anaridhika, anapita.