Siku Niliyosindikizwa Zahanati

Mjukuu wangu anayeandika maneno haya, maana mimi sikuketi darasani, alikuwa akijikunja kwa maumivu kila alipoingia mwezini. Mama yake anauza samaki Iringo, mjini Musoma, nami ndiye niliyemlea hapa Mugeta. Kila mwezi alikosa masomo, na mtihani wa kidato cha nne ulikuwa unakaribia.

Zahanati yetu ilikuwa imetenga siku ya vijana, lakini waliipanga siku ya mnada, wakidhani kwamba palipo na watu wengi ndipo vijana watakapofika. Hawakufika. Benchi la wagonjwa linatazama njia ya mnadani, na binti akiketi pale peke yake, kabla jua halijatua midomo ya watu imekwisha kumpa mimba. Nilimwamuru aende. Akanijibu kwa adabu, lakini bila kuyumba, "Bibi, afadhali niumwe."

Butiama nilikozaliwa, kama hapa nilikoolewa, mama hazungumzi na bintiye mambo ya mwili. Hiyo ni kazi ya bibi. Tena mjukuu anayemsindikiza bibi yake haulizwi anakokwenda. Basi nikajifunga khanga, nikamkabidhi kigoda changu akibebe, nikamwambia kwamba mgonjwa ni mimi.

Njiani muuza maziwa mmoja akatusimamisha.

"Mama, kwani unaumwaga nini?"

"Presha."

Kwa kuwa sisemi uongo, tulipofika nilimwomba muuguzi anipime kweli, huku mwenzake akimwingiza mjukuu wangu chumba cha ndani.

"Bibi, huu ni moyo wa msichana," muuguzi akanitania. "Tukutafutie mchumba?"

Nikamwambia apime kwa makini, aache maneno. Mtoto alikaa ndani kitambo, akatoka na dawa na uso uliokunjuka. Sikumuuliza walichozungumza. Alichoambiwa ni chake.

Jioni majirani waliniletea ndimu na pole nyingi. Nilizipokea zote. Jumapili, baada ya ibada, niliwaeleza bibi wenzangu, na siku ya mnada iliyofuata benchi lilijaa wazee wenye afya njema, kila mmoja na mjukuu wake. Muuguzi alipotuona alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akaanza kutupima mmoja mmoja, bila kuruka mtu, na wajukuu wakaingia ndani.

Mjukuu wangu aliufanya mtihani wote. Mwezi uliopita alihitaji dawa tena, akaondoka bila kuniita, akaketi kwenye benchi lile mnada ukiwa umejaa. Mwanamke mmoja alipomuuliza amemleta nani, alisema, "Sijamleta mtu, shangazi. Nimekuja kutibiwa." Akabaki ameketi, kichwa juu, mpaka zamu yake ikafika.

Hapa amesita kuandika. Nimemwamuru aandike, na asipunguze neno.